Samaki Ishirini na Tatu wa Kisimani

Haya, mliokaa kaeni vizuri, na mliosimama msiulize viti vimekwenda wapi. Nchi ninayotaka kuisimulia haipo. Ramani haiijui, ndege haziipitii, na ukiona inafanana na nchi fulani unayoifahamu, basi kapimwe macho. Hospitali ya serikali hugawa miwani kila mwaka wa uchaguzi.

Katika nchi hiyo hakuna mtu aliyewahi kupotea. Si mimi nisemaye, ni Kitabu cha Takwimu cha Taifa, ukurasa wa kwanza, kabla hata ya idadi ya mbuzi. Zamani, elimu ilipokuwa bado haijaenea, watu walikuwa wakipotea ovyo: mmoja sokoni, mwingine njiani akitoka msikitini, mwingine akiamshwa alfajiri na wageni waliovaa miwani ya jua kabla jua lenyewe halijatoka. Jamaa zao wakazunguka vituo vya polisi na picha mikononi, wakiwasumbua askari wasimalize chai yao. Ndipo Mtukufu Rais, ambaye nembo yake ni kaa aliyeinua gando, alipokaa akafikiri kwa niaba ya wote. Akasema kaa hapotei. Kaa hujivua gamba lake kuukuu akaenda zake kukua, na wananchi wake yeye ni wa ukoo wa kaa: wagumu kwa nje, watiifu kwa ndani. Tangu siku hiyo mtu akichukuliwa, familia yake haikuambiwa kwamba amepotea wala kwamba amekufa. Iliambiwa amejivua.

Arafa binti Makame alizisikia habari hizo kama watu wanavyosikia utabiri wa mvua za mkoa mwingine, mpaka zilipomnyeshea yeye. Alikuwa mtunzaji wa Jumba la Viumbe, jengo la zamani ambamo samaki, kaa na kamba waliwekwa katika chupa za spiriti, kila mmoja na kibandiko chake: mahali alipopatikana, siku aliyopatikana, na alama zake. Vibandiko vyote vilikuwa vya mkono wake, na mwandiko wake ulisifiwa hata wizarani. Mumewe, Faki, alikuwa fundi wa pampu za visima, mtu mrefu na mpole, asiye na ila isipokuwa moja, kwamba alikuwa akikumbuka mambo.

Kila mwaka, Siku ya Uhuru, Mtukufu alizindua kisima. Kilikuwa ni kilekile kimoja, katikati ya mji mkuu, kimezungushiwa senyenge mwaka mzima ili kisichakazwe na wenye kiu. Faki ndiye aliyekuwa akikipaka rangi, mwaka huu buluu na mwaka ujao kijani, kionekane kigeni. Kushuka chini hakuruhusiwa; aliambiwa chini kuna siri za taifa. Mwaka wa saba, mshereheshaji alipouliza kama yupo mwananchi mwenye neno la shukrani, Faki alinyoosha mkono. Akasema anashukuru sana, ila kisima hiki Mtukufu alikizindua mwaka jana, na mwaka juzi, na miaka minne kabla ya hapo, na yeye Faki ni shahidi kwa sababu rangi zote bado anazo kwenye kucha. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama fundi anavyomwambia mwenye nyumba kwamba bomba linavuja.

Siku ya tisa baada ya hapo maafisa wawili walimletea Arafa shati, suruali na kofia ya Faki. Vilikuwa vimefuliwa, vikatiwa wanga na kupigwa pasi hadi vikasimama vyenyewe. Juu yake palikuwa na Cheti cha Kujivua, chenye picha ya kaa anayetabasamu. Wakampa hongera, wakataka asaini kwamba amepokea hongera.

Majirani walikuja kumpongeza, kwa kuwa neno "pole" lilikuwa limepigwa marufuku kwa watu wa waliojivua, faini yake mbuzi wawili au miezi sita. Walileta maandazi na sharubati ya ukwaju. Wakasema hongera, hongera sana bibi, halafu wakaingia jikoni mmoja mmoja kulia, wakanawa uso, wakarudi ukumbini. Bi Salha, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliingia jikoni mara nne.

Arafa alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kukaa eda. Alitaka mumewe asaliwe, asomewe khitma, kisha yeye avae nguo nyeupe na kujifungia ndani miezi minne na siku kumi, kama mama yake na bibi yake walivyofanya, atoke akiwa mjane na watu wamjue kuwa ni mjane. Alimwendea sheikh wa mtaa. Sheikh alimsikiliza huku akiutazama mlango, akamwambia kwa masikitiko ya kweli kwamba eda ni ya mfiwa, na mfiwa ni yule mwenye maiti, na wizara imekwisha sema hakuna maiti. Laiti angemletea mfupa, alisema, hata mmoja tu, angeusalia. Arafa akarudi nyumbani na neno hilo moja.

*

Gamba la raia lilikuwa na kanuni zake, toleo la tatu, kurasa arobaini. Lisimamishwe ukumbini juu ya kiunzi cha mbao, lielekezwe mlangoni, ukosi uwe juu. Litiwe wanga wa serikali kila Alhamisi. Gamba likilegea ni dalili kwamba familia imekata tamaa, na kukata tamaa ni kosa, maana aliyejivua yuko mahali anakua, na siku yoyote atarudi akiwa mkubwa kuliko alivyoondoka.

Kila Ijumaa alikuja Bwana Ngwali, Mkaguzi wa Ugumu wa mtaa, mtu mfupi, mkavu, mwenye viatu vinavyong'aa na nyundo ndogo ya mti. Aliligonga shati kifuani mara tatu, akatega sikio, akaandika. Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa na gamba la mdogo wake, Mdungi, wa kwanza kujivua katika mtaa ule, na gamba hilo lilikuwa limeshinda kikombe cha wilaya kwa ugumu. Hakuingia nyumba ya mtu bila kukitaja kikombe.

"La Mdungi," alikuwa akisema, "ukiligonga linajibu."

Arafa aliishi na vile vitu mwaka mzima. Mchana, saa nane hivi, jua linapolipiga bati, wanga ulikauka ukapasuka kidogo kidogo, na shati likatoa sauti ya mtu anayejinyoosha baada ya kazi. Kivuli chake kilitambaa ukutani tangu asubuhi hadi jioni, kivuli cha mwanamume asiye na kichwa, na magharibi kilifika mlango wa chumba cha kulala kikakoma hapo. Watoto wa mtaani wakipita dirishani walikiamkia shikamoo, kwa adabu kabisa, kisha wakakimbia. Siku moja alijikuta amemimina chai vikombe viwili, na cha pili kimepungua. Alikaa akikitazama kile kikombe mpaka akakumbuka kwamba huenda ni yeye mwenyewe aliyekunywa. Hakuwa na hakika, na hakika ile hajaipata mpaka leo.

Jambo lililomuuma zaidi lilikuwa mkono wa kushoto wa shati. Mwaka waliooana, mpini wa pampu ulimpiga Faki ukamvunja mkono chini ya kiwiko, na mganga wa mifupa akaufunga upande. Ukaunga, lakini ukaacha kinundu. Kila msimu wa baridi kinundu kile kilimuuma, naye Arafa akakisugua kwa mafuta ya nazi na karafuu huku wakipiga soga. Alhamisi, alipokuwa akiupaka wanga ule mkono wa shati, vidole vyake vilikitafuta kinundu vyenyewe, bila kuulizwa. Mkono ulikuwa umenyooka. Serikali ilikuwa imeupiga pasi.

*

Ikafika tena Siku ya Uhuru, uzinduzi wa nane. Safari hii kisima kilipakwa rangi ya waridi. Fundi mpya alikuwa amepewa kazi kwa sifa ya kutokumbuka chochote, pamoja na urefu wa bomba, kwa hiyo aliliteremsha kupita kiasi. Wafanyakazi wa Jumba la Viumbe walipangwa mstari wa mbele, kila mmoja na kibendera cha kaa, na Arafa alikuwa hatua kumi tu kutoka pampu.

Mtukufu alihutubia saa mbili na robo. Alisema nchi nyingine huchimba visima vingi kwa sababu hazikukipenda kimoja vya kutosha. Kisha akashika mpini kwa mkono wenye glavu nyeupe, na waziri akakinga kikombe cha fedha. Mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mara ya pili pampu ilikohoa. Mara ya tatu lilitoka tope, na ndani ya tope kitu kidogo cheupe, kikaanguka kikombeni kikalia ting. Umati ukapiga makofi, maana ratiba iliyochapishwa ilisema: Maji yanatoka, makofi.

Arafa hakupiga. Miaka kumi na sita alikuwa amekaa na viumbe mezani, na hata kwa hatua kumi alijua anachokiona. Kilikuwa ni pingili ya katikati ya kidole cha mtu mzima.

Mtukufu alichungulia kikombeni muda mrefu. Kisha akasema neno moja.

"Samaki."

Bendi ikaanza. Neno likapita kwa mawaziri, samaki, samaki, wa mwisho akalipeleka kwenye redio. Jioni ile taifa liliarifiwa kwamba kisima kimejaa baraka kiasi cha kuzaa samaki. Watu walipotawanywa, askari walimshusha mtu kwa kamba, na mpaka magharibi walikuwa wamepandisha magunia kumi na moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa na wizara.

*

Wizara ilikuwa ya Samaki na Nidhamu, na waziri wake alikuwa Mheshimiwa Daktari Kigoda, aliyepewa udaktari wa heshima na chuo alichokianzisha mwenyewe kwa kazi hiyo. Alimwita Arafa siku ya pili yake. Magunia yalikuwa yamepangwa kwenye chumba cha mikutano, chini ya feni tatu, na chumba kilinuka tope la zamani. Waziri alimkaribisha kiti, akamwita Bi Arafa, akaulizia afya ya gamba lake. Arafa akajibu kwamba ni gumu, alhamdulillahi.

Waziri akaeleza shida yake. Mtukufu alikwisha sema ni samaki, kwa hiyo ni samaki. Ila kulikuwa na vinywa sokoni. Sasa wizara ilitaka ipatikane karatasi ya kitaalamu, Mlinganisho Rasmi wa Kaa na Samaki, ili hata mjinga aelewe. Akamwomba amweleze tofauti kwa lugha nyepesi, maana leo alikuwa amechoka.

Arafa akamwambia ukweli, kwa sababu katika jambo hilo hakujua kusema kingine. Mfupa wa kaa uko nje, nao ndio gamba lake. Wa samaki uko ndani. Mguu wa kaa ukikatika huota mwingine, wakati mfupa wa samaki ukivunjika huunga na kubaki na kovu. Kaa hukua kwa kujivua, na samaki hukua na mifupa yake ileile aliyozaliwa nayo. Ndani ya kichwa cha samaki mna vijiwe viwili vyeupe vya sikio, vyenye mistari, kila mwaka mstari wake. Ukivisoma kwa hadubini unajua ameishi miaka mingapi, na mwaka gani alishiba, na mwaka gani alilala njaa. Kaa anapojivua huviacha vyote hivyo nyuma. Ukimtazama kaa huwezi kujua umri wake.

Waziri aliweka kikombe cha chai chini.

"Unataka kuniambia kaa hana jana?"

"Hana alama ya jana, Mheshimiwa."

"Na samaki?"

"Samaki ameiweka kichwani."

"Ndiyo tabu yao hao," alisema Waziri, akatikisa kichwa kwa huruma.

Kuanzia hapo alichangamka. Akasimama, akahutubia magunia. Wananchi ni ukoo wa kaa, hilo liko kwenye katiba. Kaa hana mfupa ndani, hilo amelisema mtaalamu sasa hivi. Kwa hiyo mifupa iliyotoka kisimani haiwezi kuwa ya wananchi hata ikitaka. Bi Arafa aandike hivyo, aweke saini, na mchana magunia yapelekwe kwenye tanuri la chokaa.

Arafa aliyatazama magunia. Akapiga moyo konde, akasema kwa sauti ya ofisini kwamba mtaalamu hatii saini asichokiona. Waziri akaziba pua kwa leso, akampungia mkono aendelee.

Akafungua gunia la kwanza, la pili, la tatu. Alikuwa amejiambia kwamba ataangalia tu. Katika gunia la nne mkono wake uliingia chini kabla ya macho, na vidole vilivyoshinda mwaka mzima vikitafuta, vikakuta. Ulikuwa mfupa wa mkono wa kushoto, umeunga upande, na chini ya kiwiko kilikuwapo kinundu. Kilijaa vizuri chini ya gumba lake, pale pale kilipokuwa kikijaa siku zote. Aliushika hivyo, ndani ya gunia, mbele ya waziri, chini ya feni tatu. Hakulia. Mwaka mzima wa kupongezwa ulikuwa umemfundisha kutolia.

"Ni samaki?" aliuliza Waziri kutoka nyuma ya leso.

Arafa aliona mambo mawili, na yote aliyaona wazi. Akisema ni watu, kabla ya wiki kwisha naye atakuwa shati na kanga zilizosimama ukumbini kwa mtu mwingine, na magunia yatakuwa chokaa. Akisema ni samaki, atakuwa amemkana mumewe kwa mkono ule ule ulioshika mfupa wake.

"Ni samaki, Mheshimiwa," alisema. "Lakini ni wa aina ambayo haijawahi kuandikwa. Na kwa Sheria ya Viumbe, kila aina mpya ni mali ya Jumba la Viumbe. Atiwe nambari, awekwe kwenye kioo, na kibandiko kiandikwe."

Waziri akakunja uso. Tanuri lilikwisha washwa, alisema.

"Tukiwachoma, Mheshimiwa, watu watauliza Serikali inawaogopea nini samaki."

"Serikali haiogopi samaki."

"Ndivyo nilivyowajibu wanaouliza."

Hakuna aliyekuwa ameuliza, lakini Waziri hakujua. Akafikiri, akakohoa, akatia saini hati ya kukabidhi magunia kumi na moja ya samaki. Arafa akatia saini ya Mlinganisho. Kalamu ilikuwa nzuri, ya wino mweusi, na alijichukia tangu herufi ya kwanza hadi ya mwisho.

*

Mlinganisho ulisomwa redioni, ukafundishwa shuleni, ukabandikwa kwenye kuta za ofisi zote. Na kwa kuwa sayansi haina mchezo, hospitali kuu ilifunga wodi ya mifupa. Haikuwezekana taifa lisilo na mifupa ndani kuwa na wodi ya kuitibu. Aliyevunjika alipewa kitanda cha mbao na kushauriwa avumilie mpaka kiungo kingine kiote.

Bi Salha aliteleza akavunjika nyonga wiki ile ile. Arafa alikwenda kumwona na bakuli la uji. Bi Salha hakumkemea. Aligeuza uso ukutani.

"Saini yako nimeiona pale mlangoni pa hospitali, mwanangu," alisema. "Mwandiko mzuri."

Arafa akaweka bakuli chini akatoka. Aibu ile hakumweleza mtu, wala haikumtoka. Jioni, akitoka kazini, alikuwa akipita kwa Bi Salha kumfungia vipande vya mianzi kwa siri, kama alivyoona mganga akimfunga Faki, na Bi Salha alimwacha afunge bila kusema naye.

Mchana kutwa alikuwa Jumba la Viumbe, chumba cha mwisho. Aliiosha mifupa kwa maji ya vuguvugu, kipande kwa kipande, akaipanga juu ya shuka nyeupe, wa huyu huku na wa yule kule. Ilimchukua miezi miwili. Mafuvu yalikuwa ishirini na tatu. Watu wa usafi walisema chumbani mle ukifagia unajikuta unaomba radhi, hujui unamwomba nani. Bawabu aliapa kwamba anaposalimu kabla ya kufunga mlango, kimya cha ndani huwa si cha chumba kitupu. Arafa hakuwa na hofu nao. Alikuwa akizungumza nao kazi ikiendelea, akimwambia mmoja asogee kidogo, na mwingine kwamba sasa hivi naye atafikiwa.

Majina hakuweka. Kanuni ya vibandiko ilidai mahali, siku na alama, naye akafuata kanuni bila kupunguza hata nukta.

"Samaki nambari 4. Kisimani, Siku ya Uhuru. Mkono wa kushoto ulivunjika zamani, ukaunga upande."

"Samaki nambari 11. Kisimani, Siku ya Uhuru. Vidole sita, mkono wa kulia. Bado alikuwa akikua."

"Samaki nambari 17. Kisimani, Siku ya Uhuru. Jino la mbele la juu limekatika nusu, kwa mshazari."

Chumba kikafunguliwa. Ijumaa ya kwanza walikuja wanawake watatu, ya pili kumi na wawili, ya tatu msururu ulifika barabarani. Bawabu alistaajabu jinsi wake na mama wa waliojivua walivyoipenda sayansi. Walipita kioo kwa kioo, wakisoma polepole, na wasiojua kusoma wakasomewa. Kila mmoja alifika mbele ya nambari fulani akasimama, wala hakuendelea tena. Midomo yao ilikuwa ikitembea. Mmoja aliacha kikuba cha asumini mbele ya nambari kumi na moja, na Arafa akaandika kwenye kitabu kwamba huenda ni chakula cha samaki.

Siku moja akaja sheikh wa mtaa. Alisimama mbele ya nambari nne, wima, hakurukuu wala hakusujudu. Bawabu, mtu mwaminifu, aliandika katika ripoti yake kwamba mgeni mmoja mzee aliinua mikono masikioni mara nne, yawezekana alikuwa akifukuza mbu.

Mtukufu alifurahi mno. Aina mpya ishirini na tatu katika utawala mmoja, hakuna mfalme aliyewahi kupata. Aliagiza kibao cha shaba, akaleta wageni wa nje kutembezwa. Mtaalamu mmoja wa ng'ambo alitoka chumbani mle amepauka, akakataa chakula cha mchana, na redio ikatangaza kwamba alizidiwa na uzuri. Wakati huohuo, nyumba hadi nyumba, wakaguzi walianza kuripoti jambo geni: wanga ni ule ule na pasi ni zile zile, lakini magamba yakigongwa hayajibu.

*

Arafa akajaza fomu ya likizo, miezi minne na siku kumi. Afisa wa utumishi akamuuliza hizo siku kumi za nini. Akajibu kwamba spiriti imemuingia kifuani, na ndivyo mwili unavyotaka. Afisa akagonga muhuri. Masheikh wangeweza kumwambia kwamba muda wa eda yake ulikwisha pita zamani. Yeye aliona muda hauwezi kupita kwa mtu ambaye hakuruhusiwa kuuanza.

Kwanza alilishusha shati kutoka kwenye kiunzi, na suruali, na kofia. Akaviloweka kwenye beseni la maji ya moto. Wanga ulitoka mweupe, akamwaga, akatia maji mengine, mara tatu. Shati likalegea mikononi mwake, likawa shati tu, kubwa kidogo mabegani kama Faki alivyopenda. Alilipeleka puani. Halikuwa na harufu yake, lilinuka sabuni, na hapo ndipo Arafa alipolia, kwa sauti, milango wazi, jambo ambalo katika nchi ile ni kosa la jinai. Ukutani kwa jirani ulisikika mlio wa fimbo sakafuni. Bi Salha alikuwa ameinuka na nyonga yake, na alikuja akijikongoja hadi akafika, akakaa naye mpaka alipomaliza. Ndiye aliyemletea nguo nyeupe. Ndiye pia aliyetundika pazia mlangoni.

Ijumaa Bwana Ngwali akapiga hodi. Sauti ya Arafa ikamkaribisha, lakini ilitoka nyuma ya pazia. Ngwali akaingia ukumbini na nyundo yake. Kiunzi kilikuwa kitupu. Juu ya kiti palikuwa na shati lililokunjwa, na suruali, na kofia juu yake.

Alilitazama pazia. Mama yake aliwahi kukaa nyuma ya pazia namna ile, kwa hiyo alijua anachokiona na alijua jina lake. Sheria ilimtaka apige filimbi. Alitoa fomu mfukoni, akaandika tarehe, akaandika mtaa, akaandika nambari ya nyumba. Kwa mazoea akagonga kile kiunzi kitupu mara tatu, akatega sikio. Kisha kalamu ikasimama.

"Dada Arafa," alisema.

"Naam, kaka."

"Mdungi alianguka ukutani akiwa mdogo. Sisi tulimwambia mama kwamba aliteleza." Ngwali akajigusa jino la mbele. "Mimi ndiye niliyemsukuma. Akavunjika jino la mbele, hapa juu. Lilikatika nusu."

Nyuma ya pazia Arafa aliacha kuhesabu tasbihi.

"Huko kwenye samaki wako," alisema Ngwali, "yupo?"

Arafa angeweza kumuuliza kuhusu kikombe cha wilaya. Kwa mwaka mzima alikuwa amemuandalia mtu huyu maneno, makali, ya kutosha. Sasa alipoyatafuta hakuyaona.

"Nambari kumi na saba," alisema. "Karibu na dirisha, anapata mwanga. Nilimuosha mwenyewe."

Alisikia nyundo ikiwekwa sakafuni, na viatu vile vya kung'aa vikivuliwa kimoja kimoja, na mtu akikaa chini, kwenye mkeka, mahali wanapokaa waliokuja msibani. Arafa akalisogelea pazia mpaka likamgusa uso, akamwambia lile neno la mbuzi wawili au miezi sita.

"Pole, kaka."